Siri ya Mtungi: Maneno ya Wasomaji wa Bigwa juu ya Simu na Faragha

Wanaoandika historia ya mawasiliano katika Tanzania aghalabu huanza na waya, mitambo na sheria. Huandika ni mwaka gani waya ulifika mji fulani, nani aliuvuta, na serikali ilitoa amri gani juu yake. Msomaji wa kawaida haonekani katika historia hiyo. Walakini kila habari ya namna hii inapotangazwa huwa na mtu anayeisoma, au anayesomewa, naye husema neno juu yake: hucheka, huguna, huuliza itamgharimu kiasi gani, kisha hurudi kwenye kazi yake. Maneno hayo mafupi huhesabiwa kuwa ni ya mapito, wala hapana anayeyaweka. Yafaa yatazamwe upya, maana ndani yake mna kipimo cha zamani ambacho watu hukitumia kupimia mambo mapya.

Bigwa ni mahali pema pa kulitazamia jambo hili. Ni kata ya Manispaa ya Morogoro, upande wa mashariki wa mji, chini ya milima ya Uluguru, nayo barabara ya zamani ya kwenda Dar es Salaam hupita hapo. Reli ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu wakati huo habari za pwani zimefika upesi katika mitaa iliyo chini ya milima. Juu ya mji, katika kilele cha Bondwa, leo imesimama minara ya mawasiliano. Basi mtu wa Bigwa amekaa kati ya njia mbili za habari: ile ya chini iliyokuja na reli na barabara, na ile ya juu inayopita hewani.

Neno lenyewe simu lina historia yake. Asili yake ni Kiajemi, ambamo sim ni fedha au uzi wa madini. Waswahili wa kwanza waliolitumia walikusudia waya, na kupiga simu kulikuwa kupeleka habari fupi kwa waya. Baadaye neno likahamia katika chombo cha kusemea, na sasa limekaa katika kile kidude kinachotiwa mfukoni. Lakini katika kila hatua kulikuwa na mtu wa kati. Aliyepeleka habari kwa waya alimpa karani maneno yake, karani akayasoma na kuyahesabu, maana malipo yalikuwa kwa idadi ya maneno. Aliyepokea barua asiyejua kusoma alimwita mtoto wa shule amsomee, na kwa hiyo mtoto akazijua habari za deni, za ugonjwa na za posa kabla ya wajomba. Barua nyingi zilipita katika sanduku moja la posta la misheni au la shule, na mwalimu aliyezigawa alimjua kila mwenye barua.

Hali hii haikuwaudhi watu sana, nayo sababu yake imo katika methali: siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii haisemi kwamba mtungi hauna anayeujua undani wake. Yasema kwamba yuko mmoja aujuaye, naye ni yule aingiaye ndani kila siku. Karani alijulikana kwa jina na mtoto alijulikana kwa wazazi wake. Akitoboa siri, palikuwa na mahali pa kumshitaki: kwa wazee, kwa mjomba, au kwa mwalimu mkuu. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao huhesabiwa upande wa mama, mashitaka ya namna hiyo yalikuwa na njia yake iliyonyooka. Siri basi haikuwa jambo lisilojulikana na mtu yeyote. Ilikuwa jambo linalojulikana na watu wanaojulikana.

Gazeti nalo lilipokewa kwa desturi hiyo hiyo. Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilipokea barua na mashairi ya wasomaji kutoka kila upande wa nchi. Aghalabu mwandishi wa barua alitia jina lake na mahali akaapo, na watunga mashairi wengine walijificha nyuma ya majina ya lakabu. Ilipoanza Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, watu walikusanyika penye redio moja wakasikiliza pamoja. Kusoma na kusikiliza kulikuwa kazi ya kundi, na majibu yalitolewa hapo hapo barazani. Yeyote aliyenena alijua ni akina nani waliomsikia.

Hasara ya kuyapuuza maneno kama hayo ilionekana katika milima hiyo hiyo mwaka 1955. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeleta mradi wa matumizi ya ardhi katika Uluguru, na watu wakaamriwa kulima matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua. Kwa wataalamu jambo lilikuwa la ufundi tu, lakini kwa wananchi lilikuwa swali la nani ana amri juu ya ardhi ya ukoo. Mwezi wa Julai ghasia zikatokea huko Matombo, na baada yake mradi ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu juu ya siasa na ardhi ya Waluguru mwaka 1960, nacho ni msaada mkubwa kwa mwanahistoria. Hata hivyo yale yaliyonenwa kila jioni kabla ya ghasia, kwa mzaha na kwa manung'uniko, yameandikwa kidogo mno kuliko ripoti za maafisa. Kama yangalisikilizwa mapema, huenda Matombo isingalikuwa ajabu kwa mtu yeyote.

Simu za mkononi zilipoingia nchini katika miaka ya 1990 na kuenea baada ya mwaka 2000, mtoto msomaji na karani wakaondoka katikati. Mtu alisema na nduguye bila mjumbe. Wengi walilihesabu jambo hili kuwa ni uhuru, na hawakukosea. Lakini kata haikuondoka mtungini. Ilibadilika tu, ikawa haionekani. Mwaka 2009 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilianza kutaka kila laini iandikishwe kwa jina la mwenyewe, na sheria ya mwaka 2010 ikalitilia nguvu jambo hilo. Tarehe 1 Mei 2019 kukaanza uandikishaji kwa alama za vidole, pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho uliwekwa kuwa tarehe 31 Desemba 2019, kisha Rais Magufuli akaongeza siku 20. Baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizoandikishwa zikaanza kufungwa.

Katika nchi jirani ya Kenya alama za vidole zilikuwa na kumbukumbu chungu, kwa maana kipande cha wakati wa ukoloni, kilichoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilikuwa na alama za vidole, na mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kukichukua kila aendako. Tanganyika nayo ilikuwa na kipande, lakini hiki kilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi, kama katika mashamba ya mkonge. Kwa hiyo neno hilo moja halikuamsha kumbukumbu moja pande zote mbili za mpaka. Katika Morogoro lalamiko lililosikika zaidi lilikuwa juu ya foleni na juu ya kitambulisho kilichochelewa. Watu waliuliza watapataje namba kwa wakati. Wachache waliuliza alama zao zitakaa wapi na nani atazitazama.

Si kwamba watu hawakujali. Kulikuwa na adui aliyekuwa karibu zaidi. Kila mwenye simu alikuwa amepata kuona ule ujumbe wa matapeli usemao kwamba ile fedha itumwe kwenye namba hii. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza mwaka 2008, akiba ya mama muuza ndizi ilikuwa ndani ya laini yake. Aliyeambiwa kwamba alama za vidole zitamfichua mwizi alikuwa na sababu njema ya kukubali, akasema neno ambalo limekuwa jibu la kawaida: sina cha kuficha. Hata methali zilimuunga mkono, maana mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humfichua. Lakini methali hizi zahusu kumfunulia mganga au mkunga, naye ni mtu aliye mbele ya macho. Baadaye ilijulikana kwamba alama za mtu zaweza kutumiwa kuandikishia laini asizozijua, na wananchi wakahimizwa kubonyeza *106# ili wahakikishe. Hapo yule aliyesema hana cha kuficha akagundua kwamba anacho cha kuibiwa.

Yafaa jambo hili lilinganishwe na tozo ya miamala ya simu iliyoanza tarehe 15 Julai 2021. Juu ya tozo hapakuwa na kigugumizi. Kila kibanda cha wakala kilikuwa baraza la malalamiko, na kabla ya miezi miwili kupita serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Fedha iliyokatwa huonekana siku ile ile, ila habari ya mtu ikichukuliwa haipungui kwake. Hubaki nayo, na mwingine pia akawa nayo. Ndiyo maana msomaji hukawia kuuhisi upotevu wake.

Kuna desturi nyingine ya Uluguru inayolieleza jambo hili vizuri zaidi, nayo ni utani. J. B. Christensen, mtaalamu wa Kimarekani, alitoa makala juu ya utani wa Waluguru mwaka 1963, akaonyesha kwamba watani hutukanana bila kosa, nao wana wajibu mkubwa katika mazishi. Mtani husema msibani neno ambalo mwingine angalilisema angalitozwa faini. Linaloliondolea neno hilo uchungu ni uhusiano wa wasemaji, nao unajulikana na wote waliopo. Neno likisha kusemwa, laisha pamoja na kilio.

Neno hilo hilo likiandikwa katika simu haliishi. Husafiri kwa watu wasiokuwa watani, likafika mezani kwa mtu ambaye hajui lilisemwa kwa cheko. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge mwezi wa Aprili 2015, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka ule. Kifungu chake cha 16 juu ya taarifa za uongo kiliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3. Mwaka 2016 mahakama ya Arusha ilimtia mtu hatiani kwa kumtukana Rais katika Facebook. Sheria ile iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo watu wengi waliijua kwa kusimuliwa. Wakaigeuza kuwa mzaha wa kuonyana: angalia, utafungwa. Mzaha huo ulikuwa na hofu ndani yake, nao ulifundisha watu kunyamaza kuliko tangazo lolote.

Baadaye amri zikafuatana. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka leseni na ada kwa wanaochapa habari humo. Siku za uchaguzi wa Oktoba 2020 baadhi ya mitandao ya kijamii ilizuiliwa. Mwaka 2023 watu wakaamriwa kutoa taarifa za njia zao za siri za kupitia mtandaoni. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Katika siku hizo hata asiyesoma siasa alijua kwamba habari ya mgonjwa aliye mbali haikufika.

Lakini mwaka 2022 ulileta jambo la namna nyingine. Katiba imeihifadhi faragha ya mtu na mawasiliano yake katika ibara ya 16, tangu haki za binadamu zilipoingizwa humo kwa mabadiliko ya mwaka 1984. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa kwa Kiswahili, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ikawekwa kuisimamia. Faragha ni neno la Kiarabu lililotumika tangu zamani kwa maana ya nafasi na mahali pa upweke. Watu walikwenda faragha ili wasemezane. Sasa limepewa kazi mpya, ya haki inayomfuata mtu hata asipokuwapo. Sheria yamtaka anayekusanya habari za mtu ajitambulishe na aeleze sababu. Kwa lugha ya Bigwa, yaitaka kata itaje jina lake.

Kama itataja au haitataja, hilo litajulikana barazani kabla ya kujulikana katika ripoti. Litasikika katika swali la mwanamke anayetoa kidole chake kwa wakala, na katika cheko la vijana wanaosoma habari hizo kando ya barabara ya zamani. Wajibu wa watafiti wa lugha ni kuyaandika maneno hayo yangali mabichi, pamoja na mizaha yake, bila kutaja majina ya waliosema.