Hasira katika Uso wa Kompyuta

Uso wenye hasira huundwa na misuli michache. Nyusi hushuka na kusogeleana, paji likapiga ndita. Kope za juu huinuka na macho yakatoka. Kope za chini hukazwa. Midomo hubanwa hadi ikawa myembamba, au hufunguka na meno yakaonekana. Kila mhusika anayekasirika katika filamu ya katuni ya kompyuta, awe mtu, mdoli au sokwe, hupitia mabadiliko hayo, na kila badiliko lina kidhibiti chake kwenye skrini ya mhuishaji, yaani fundi anayempa mhusika mwendo. Vidhibiti hivyo havikubuniwa na watu wa kompyuta peke yao. Asili yake ni kazi ya wachoraji, madaktari na wanasaikolojia iliyoanza zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Mwaka 1668 Charles Le Brun, mchoraji mkuu wa Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, alitoa mhadhara mjini Paris kuhusu namna ya kuchora hisia. Akifuata mafundisho ya mwanafalsafa Descartes, aliamini kwamba roho hufanya kazi yake katika kitezi kidogo kilicho ndani ya ubongo. Kwa kuwa nyusi ziko karibu na kitezi hicho, alisema, ndizo zinazofichua yaliyo moyoni kuliko kiungo kingine chochote cha uso. Hoja yake haikuwa sahihi, lakini umuhimu alioupa unyusi haukupingwa na waliomfuata. Mhadhara huo ulichapishwa mwaka 1698, baada ya kifo chake, na kwa muda mrefu wanafunzi wa sanaa walijifunza kuchora hasira kwa kunakili nyuso zake. Ilikuwa hasira nzima isiyogawanyika: mwanafunzi alichukua uso wote kama ulivyo.

Aliyeanza kuugawa uso vipande ni daktari Mfaransa, Duchenne de Boulogne. Katika kitabu chake cha mwaka 1862 alionyesha picha za watu aliowagusa usoni kwa vijiti vya umeme. Aliyepigwa picha nyingi zaidi alikuwa mzee ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa imepoteza hisia, hivyo umeme haukumuumiza. Kwa njia hiyo Duchenne aliweza kuukaza msuli mmoja huku mingine ikiwa imetulia, na msuli mdogo ulio kwenye mzizi wa pua, kati ya nyusi, akauita msuli wa ukali. Miaka 10 baadaye Charles Darwin alitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Darwin aliongeza jambo ambalo wahuishaji hulikuta hadi leo: mtu hukunja uso hata asipokuwa na hasira. Hukunja anapokutana na jambo gumu akilini, au jua linapompiga machoni. Ili kukunja uso kuwe hasira, lazima macho na mdomo navyo viseme neno.

Wachoraji wa katuni wa karne ya 20 waliyajua hayo kwa mazoea. Katika studio ya Walt Disney, wahuishaji walikaa na kioo mezani, wakajikunjia nyuso zao wenyewe kabla ya kushika penseli. Donald Duck, aliyetokea kwa mara ya kwanza mwaka 1934, hana midomo ya kubana, na bado akawa maarufu kwa hasira zake, kwa sababu macho, nyusi na mwili mzima vilibeba kazi hiyo. Kalamu ilikuwa na uhuru mkubwa. Mchoraji aliyetaka unyusi ushuke hadi katikati ya jicho aliuchora pale pale, na katika mchoro uliofuata akauondoa.

Kompyuta haikuwa na uhuru huo. Ndani yake uso ni wavu wa nukta zilizounganishwa kwa mistari, na hakuna nukta inayosogea bila kuelekezwa. Wavu wa kwanza wa namna hiyo uliopewa mwendo kwa kompyuta ulitengenezwa na Frederick Parke katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwaka 1972. Alichora poligoni, yaani maumbo yenye pande kadhaa, kwenye uso wa mtu, akaupiga picha kutoka pande mbili, kisha akapima mahali ilipo kila nukta. Alirudia vipimo kwa kila sura aliyoitaka, na kompyuta ikajaza hatua za kati kutoka sura moja hadi nyingine.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, nukta husafiri kwa mstari ulionyooka ilhali kope hufuata mviringo wa jicho, hivyo kope inayofumba yaweza kupenya ndani ya mboni. Pili, kila sura mpya ilidai vipimo vipya: hasira kidogo, hasira nyingi na hasira ya kinywa wazi ni nyuso tatu tofauti. Mwaka 1974 Parke alikuja na jibu. Badala ya kuhifadhi sura nzima, aliupa uso orodha ya vigezo, kama vile mkao wa nyusi, upana wa macho na mzunguko wa taya, na kila kigezo kikawa kinabadilishwa peke yake. Uso alioutengeneza ulionekana kwa muda mfupi katika filamu ya Futureworld ya mwaka 1976.

Kilichokosekana ni ramani ya kuaminika ya vigezo vinavyohitajika. Ramani hiyo ilitoka kwa wanasaikolojia. Mwaka 1978 Paul Ekman na Wallace Friesen, wakiendeleza kazi ya Msweden Carl-Herman Hjortsjö, walichapisha mfumo wa kurekodi miendo ya uso ujulikanao kwa kifupi kama FACS. Kila mwendo unaoonekana ulipewa namba. Kushusha nyusi ni 4, kuinua kope za juu ni 5, kukaza kope ni 7, na kukaza midomo ni 23. Namba hizo nne zikikutana, uso husomeka kuwa umekasirika. Lengo la mfumo lilikuwa utafiti wala si filamu, ila mwaka 1981 Stephen Platt na Norman Badler wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliutumia kuendesha uso wa kompyuta wenye misuli ya kuigiza, na mwaka 1987 Keith Waters akatoa mfano mwepesi zaidi wa misuli inayovuta ngozi.

Sinema ilifuata. Mwaka 1985 kundi la vijana wa Montreal, Kanada, lilitoa Tony de Peltrie, filamu fupi ya mpiga piano mzee ambaye sura zake zilichanganywa kutokana na nyuso zilizopimwa kwa mtu halisi. Mwaka 1988 studio ya Pixar ilitoa Tin Toy, ambamo mtoto mchanga alipewa uso unaovutwa na misuli. Filamu ilishinda tuzo ya Oscar, ingawa sura ya mtoto huyo iliwasumbua watazamaji wengi. Kufikia Toy Story, mwaka 1995, mdoli Woody alikuwa na vidhibiti 212 usoni pekee, 58 kati yake vya mdomo.

Wingi huo ulizaa kazi mpya. Mhuishaji anayemkasirisha mhusika leo, katika programu kama Maya au Blender, huanza na nyusi. Akizishusha tu, mhusika huonekana anafikiri. Akikaza kope za chini, huonekana ana shaka. Kope za juu zikiinuliwa dhidi ya nyusi zinazoshuka, ndipo mtazamo unapokuwa mkali, na midomo huamua kama hasira imezuiliwa au imepasuka. Pande mbili za uso zikilingana mno, matokeo hufanana na kinyago, kwa hiyo unyusi mmoja hushushwa zaidi au hutangulia kidogo. Kisha hutokea tatizo la hesabu: umbo la nyusi zilizoshuka na umbo la kope zilizokazwa yote husogeza ngozi ile ile, na yakijumlishwa ngozi hujikunja kupita kiasi. Dawa yake ni umbo la kusahihisha, ambalo huchongwa kwa ajili ya mkutano huo tu na huwaka lenyewe mawili hayo yanapokutana.

FACS iliingia rasmi katika filamu kubwa kupitia Weta Digital ya New Zealand. Katika King Kong ya mwaka 2005, uso wa mwigizaji Andy Serkis ulirekodiwa ili uendeshe uso wa sokwe. Nukta za mtu hazingeweza kuhamishwa moja kwa moja, kwa kuwa taya, pua na paji la sokwe vina umbo jingine. Mfumo uliosimamiwa na Mark Sagar ulisoma ni misuli gani imekazwa, ukaikaza misuli inayolingana upande wa sokwe. Mwaka 2017 kazi ya namna hiyo ilifika mfukoni: simu ya iPhone X iliweza kufuatilia uso wa mwenye simu kwa vigezo zaidi ya 50, vikiwemo viwili vya kushusha nyusi, kushoto na kulia.

Wakati huohuo msingi wenyewe, yaani imani kwamba hasira huonekana usoni kwa namna moja, ulipingwa. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo, wakaonyesha kwamba watu wazima waliokasirika hukunja uso takriban asilimia 30 tu ya nyakati. Nyakati nyingine hulia, hutabasamu au hutulia. Hoja hiyo inawagusa zaidi wanaouza programu za kutambua hisia kuliko wahuishaji, ambao huhitaji ishara inayosomeka na mtazamaji. Hata vidhibiti vyao havikutikiswa, kwa sababu namba 4 haikuwahi kumaanisha hasira. Inamaanisha nyusi zimeshuka, na maana yake huamuliwa na viungo vingine vya uso pamoja na tukio linaloonyeshwa.