Chumvi Iliyobaki Ndani

Hunley, nyambizi ya kwanza kuzamisha meli ya kivita, ilizama karibu na Charleston, Marekani, mwaka 1864, pamoja na mabaharia wake 8. Ilipoopolewa mwaka 2000, adui mpya akawa hewa. Kwa miaka 136 chumvi ilikuwa imepenya ndani ya chuma. Chuma cha namna hiyo kikipata hewa na unyevu huliwa na kutu upya, hata kikisuguliwa kikang'aa na kupakwa nta.

Mabaharia walizikwa mwaka 2004. Chombo chao, mwaka 2014, kilizamishwa tena, safari hii katika maji yenye sodiamu haidroksaidi, ili chumvi itoke polepole. Kutu ya nje huondoka kwa kusugua. Chumvi ya ndani hudai miaka.