Modemu Ndiyo Ilitufunga kwa Windows

Kuna stori hurudiwa sana: eti Wakenya walizoea Windows za kunakiliwa kwa sababu ni wavivu wa kujifunza Linux. Mimi siikubali. Ukifuata historia ya modemu, utaona uvivu hauingii hapo.

Anza na mwisho wa miaka ya 1990. Ili kupunguza gharama, watengenezaji walitoa modemu zisizojitegemea. Kazi ya kugeuza data kuwa mlio wa laini ya simu waliiachia programu ndani ya Windows, ndiyo maana zikaitwa winmodem. Ukiweka Linux, modemu inakufa. Draiva iko kwa intaneti, na intaneti inataka draiva. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba!

Oktoba 2004 ikaja Ubuntu, jina la ukoo mmoja na utu wetu (Wabukusu wa Bungoma wanasema omundu, mtu). Ni ya bure, sawa. Lakini piga hesabu: sidii moja ya MB 700, kwa modemu ya kilobiti 56, ni kama saa 28 laini isipokatika hata mara moja, na simu unalipia kwa dakika. Nani angelipa hiyo? Canonical walijua, wakawa wanatuma sidii bure kwa posta hadi 2011. Sidii inafika, unaweka, halafu bado huna intaneti.

Mwaka wa 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na modemu za USB zikasambaa hadi huku magharibi. Hapo ndipo mtego ulipokuwa mtamu zaidi. Modemu ya aina hiyo, mara nyingi ukiichomeka ilijitambulisha kwanza kama sidii yenye programu ya Windows. Windows ikiisoma, inaiamuru igeuke modemu. Linux mara nyingi iliona sidii tu, basi. Jamaa anaitwa Josua Dietze aliandika usb_modeswitch kutatua hilo. Na unaipata wapi? Kwa intaneti, bila shaka.

Sasa kaa kwa viatu vya fundi wa Kitale wakati huo. Mteja ametoka Kiminini na mashine, anataka mtandao kabla ya matatu ya jioni. Angechagua nini?

Mwaka jana nilikuwa Bungoma na binamu yangu, tukiweka Linux Mint kwa laptopu ya mtumba aliyoitoa Kitale. Wi-Fi haikuonekana kabisa, draiva haikuwepo. Mama mmoja mwenye saiba akafungua droo.

“Jaribu hii, kijana. Niliinunua saiba ikiwa shilingi moja kwa dakika.”

Modemu ya USB, imejaa vumbi. Nikaandika lsusb, ikaonekana, tena kama modemu, si sidii, kwa sababu siku hizi usb_modeswitch inakuja ndani ya Mint. Ilikataa kuunganisha mpaka tulipoandika APN ya laini kwa mkono, namba ya kupiga ikiwa ileile *99#. Polepole kama nini, lakini draiva ya Wi-Fi ikashuka.

Kumbe siku hizi Windows 11 Home ndiyo inadai intaneti katikati ya kuisakinisha, na kuna laptopu ambazo draiva ya Wi-Fi haimo. Mama yule anasema wateja wa namna hiyo anawaona, na modemu yake haiuzi.