Mobius: Gari ya Kijijini Iliyoishia Kuwa ya Matajiri

Wasee wa Tseikuru, leo tuongee magari.

Ukitoka lami uingie zile njia za ndani, mchanga, mawe na mito iliyokauka, unajua vile gari huteseka huku. Kuna kampuni hapa Kenya iliwahi kuunda gari ya njia kama hizi. Lakini siku ya soko, inayobeba watu na magunia ni Probox. Kwa nini?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1986, Rais Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama itakuwa mbaya na ya polepole. Zikatoka tano za majaribio, Nyayo Pioneer, zikafika kilomita 120 kwa saa. Zilizinduliwa Kasarani 1990. Pesa ikakosekana, na hazikuwahi kuingia sokoni.

Nyayo ilikuwa ndoto ya serikali. Mobius ikaja kama ndoto ya mtu binafsi, Mwingereza Joel Jackson. Wazo lake lilikuwa rahisi: toa madoido yote, bakisha chuma, injini na nafasi ya mizigo. Gari ikatoka na sura ya boksi, kama Land Rover za kitambo. Mobius II ya kwanza iliuzwa takriban Sh950,000. Haikuwa hata na AC.

Shida ilianzia hapo. Kwa pesa hiyo, wakati huo ungepata Toyota iliyotumika kutoka Japani. Ina AC, spea ziko kila mji, na fundi yeyote anaijua. Mzazi wako angechukua gani?

Kiwanda kidogo kinaunda magari machache, kwa hivyo kila moja inakuwa ghali. Toleo lililofuata lilifika karibu milioni 1.3. Mobius III ya 2021? Karibu milioni 4. Gari ya mkulima ikageuka SUV ya wenye pesa. Agosti 2024, kampuni ikatangaza inafungwa, ikitaja madeni na kodi. Siku chache baadaye ikasema imepata mnunuzi.

Kuna wanaosema Wakenya hatupendi vyetu. Mimi nakataa. Mtu aliyeweka akiba miaka kumi hawezi kuicheza kamari kwa jina la uzalendo. Wa kununua kwanza alipaswa kuwa serikali: gari za machifu, za zahanati, za maafisa wa kilimo. Hapo kiwanda kingepata oda za kutosha, na bei ingeweza kushuka.

Uwezo wa kuunda tunao. Mteja wa kwanza ndiye hakutokea. Ama mnaonaje?