Mvuvi Hana Hati ya Mshahara

Takawiri ni kisiwa kidogo karibu na Mfangano, upande wa Suba katika kaunti ya Homa Bay. Huko safari ni ya mashua. Lakini samaki wa Takawiri hawaishii majini. Mbuta hupangwa kwenye barafu, omena hutiwa maguniani, mzigo unavushwa hadi Mbita, na kuanzia hapo ni habari ya lori. Wavuvi na akina mama wa samaki nao huufuata mzigo huo barabarani. Kwa hiyo hata mtu aliyekulia kisiwani anaweza kugongwa na lori, na familia yake ikajikuta mahakamani ikiulizwa swali moja: marehemu alikuwa anapata pesa ngapi kwa mwezi?

Swali hilo lilianzia mbali na ziwa letu. Mwaka 1808 mahakama moja ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mwenye baa aliyepanda gari la abiria la kukokotwa na farasi pamoja na mkewe. Gari lilipinduka, na mama huyo akafariki mwezi mmoja hivi baadaye. Jaji, Lord Ellenborough, alisema mume alipwe kwa siku zile mkewe alipokuwa hai akiugua. Kifo chenyewe hakidaiwi. Maana yake ni kwamba mwenye gari alipata nafuu kuua kuliko kuvunja mguu, kwa sababu aliyevunjika mguu angemshtaki.

Halafu reli ikaja, na ajali zikawa kubwa. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyojulikana kwa jina la Lord Campbell, iliyowaruhusu wategemezi wa marehemu kudai fidia. Mwaka huohuo lilifuta desturi ya kale ambapo chombo kilichoua mtu, au thamani yake, kilichukuliwa na Mfalme. Familia ikaanza kuhesabiwa. Lakini ilihesabiwa kwa pesa: marehemu alileta nini nyumbani, na angeendelea kukileta kwa miaka mingapi.

Hesabu hiyo ilitufikia kwa mlango wa ukoloni. Hadi leo sheria ya Kenya inaitaja tarehe 12 Agosti 1897 kama siku ya kupimia ni sheria zipi za Uingereza tulizorithi. Baadaye tukawa na sheria yetu ya ajali za vifo, Cap 32, lakini mifupa yake ni ileile ya 1846. Wanaofidiwa ni mke, mume, mzazi na mtoto. Ndugu aliyekuwa akilipiwa karo na kaka yake mvuvi hayumo kwenye orodha, ingawa nyumbani kila mtu anajua nani alikuwa anamsomesha.

Na hesabu yenyewe hufanywaje? Tuseme mvuvi mwenye familia alikuwa akibaki na shilingi 15,000 kwa mwezi, na mahakama ikaona angefanya kazi miaka 20 zaidi. Unazidisha 15,000 kwa 12, kisha kwa 20, halafu unachukua thuluthi mbili, kwa kuwa thuluthi moja inahesabiwa aliitumia mwenyewe. Inakuwa milioni 2.4. Sasa wakili wa bima anasimama na kuuliza: risiti ziko wapi? Hati ya mshahara iko wapi? Mahakama ikishuka hadi shilingi 8,000 kwa mwezi, fidia inaanguka hadi milioni 1.28. Zaidi ya milioni moja imepotea kwa sababu tu samaki huuzwa ufuoni kwa pesa mkononi.

Hapo ndipo uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2005, uliotokana na rufaa iliyosikilizwa Kisumu, unapokuwa na uzito. Majaji walikataa hoja kwamba kazi ya mtu lazima ithibitishwe kwa cheti na mapato yake kwa makaratasi. Walisema msimamo kama huo ungewadhulumu Wakenya wengi sana, wasiojua kusoma, wasioweka rekodi, ila wanaojitafutia riziki kwa njia mbalimbali. Ushahidi wa mdomo wa mtu anayejua unaweza kutosha. Jaji Aaron Ringera naye alishaandika kwamba kuzidisha miaka ni njia tu ya kukadiria, si amri ya dini. Pale mapato yasipojulikana, mahakama inaweza kutoa kiasi cha jumla.

Huo si ushindi mdogo. Fikiria ajali ya Londiani Junction, tarehe 30 Juni 2023, pale trela lilipowavamia watu kando ya barabara na kuua zaidi ya 50. Wengi walikuwa wachuuzi, abiria na watu wa bodaboda. Ni wangapi kati yao walikuwa na hati ya mshahara?

Lakini kuhesabiwa ni jambo moja, kulipwa ni lingine. Sheria ya bima ya lazima, Cap 405, inamtaka kila mwenye gari awe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na inaweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kampuni ya bima nayo lazima ipewe taarifa ya kesi mapema, la sivyo ina njia ya kukwepa. Na kampuni yenyewe inaweza kuanguka. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011. Watu waliokuwa wameshinda kesi walibaki na hukumu ambayo haikununua hata unga.

Kwa hiyo kazi ya familia huanza na vitu vidogo: abstrakti ya polisi, cheti cha kifo, jina la mwenye lori lililosajiliwa, idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu. Kwa mvuvi ongeza daftari la BMU, kamati ya ufuo inayotambuliwa kwa kanuni za mwaka 2007, ambalo huonyesha nani ni mwanachama. Ongeza pia mama aliyekuwa akinunua samaki wake kila siku. Huyo ndiye hati ya mshahara iliyo hai, na baada ya uamuzi wa 2005 mahakama haiwezi kumfukuza eti kwa kuwa hana karatasi.

Shida ni kwamba sheria inatoa miaka 3 tu ya kufungua kesi. Matanga yanaisha, deni la jeneza linalipwa, mashua inauzwa, watoto wanatumwa kwa shangazi. Yule mama wa samaki naye anahamia ufuo mwingine. Mwaka wa tatu ukifika, ushahidi mzuri kuliko wote huenda uko Migori ukiuza omena, na hakuna aliyewahi kuandika namba yake ya simu.