Kariakoo ya Usiku: Historia ya Kuhesabu Watu Dar es Salaam

Sensa, yaani hesabu inayokusudia kumfikia kila mtu bila kumruka hata mmoja, ilichelewa kuwa kamili Dar es Salaam, kwa kuwa serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitegemea kwa miaka mingi makadirio yaliyojengwa juu ya orodha za kodi, ambazo zilimjua zaidi mlipakodi kuliko mkewe, watoto wake au mgeni aliyelala sebuleni.

Mwaka 1948 Tanganyika ilihesabiwa kwa utaratibu mmoja na majirani zake wa Afrika Mashariki. Makarani wanaojua kusoma na kuandika walikuwa haba, hivyo watu wote waliulizwa maswali machache tu, kisha sampuli, yaani sehemu ndogo inayochaguliwa ili iseme kwa niaba ya wote, ya takribani mtu mmoja katika kumi ikaulizwa kwa undani zaidi. Sensa ya 1957 iliukuta mji ukiwa na watu 128,742, na ile ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, ikahesabu 272,821.

Katikati ya miaka ya 1950 J. A. K. Leslie alifanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika mjini, uliochapishwa kama kitabu mwaka 1963, na mtaa kama Kariakoo ulionyesha wazi ugumu wa kazi ya namna hiyo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani nyuma penye jiko na choo, ingeweza kuwa na mwenye nyumba na wapangaji watano, kila mmoja na chungu chake, na kwa kipimo cha takwimu ni kaya sita, wala si moja. Viwanja vilivyopimwa tangu enzi za Wajerumani viliipa kazi hiyo orodha nzuri ya nyumba. Orodha ya watu, ambayo ndiyo hasa huhitajika ili kila mmoja awe na nafasi ya kuchaguliwa kwa bahati nasibu, haikuwapo.

Sensa za Tanzania humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, kanuni iliyofuatwa hata 2022, makarani walipobeba vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi na Mkoa wa Dar es Salaam ukafikisha watu 5,383,728. Kanuni hiyo huzuia mtu kuhesabiwa mara mbili, na kwa kugawa shule au zahanati inatosha. Kwa Kariakoo inapotosha. Mchana kata hiyo hujazwa na wauzaji, wapagazi, machinga na wateja kutoka Mbagala hadi Lubumbashi na Moroni, ambao jioni hutawanyika na kuhesabiwa kwingine. Kundi lengwa, yaani jumla ya watu ambao hesabu inataka kuwasemea, hapo si wakazi, na sampuli yoyote inayochotwa katika orodha ya wakazi, hata ichaguliwe kwa uangalifu kiasi gani, itajibu swali lisiloulizwa. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya 16 Novemba 2024, wengi wa walionaswa chini ya kifusi walikuwa wamefika kwa biashara. Hesabu ya waliolala haikuweza kuwaambia waokoaji walikuwa wangapi.