Nani Asahihishe Faili la Askari Mzee?

Askari anapovua magwanda, utumishi wake wote hubaki katika mistari michache ya faili: namba ya jeshi, jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuandikishwa, cheo cha mwisho, tarehe ya kuachishwa. Kiinua mgongo na pensheni huhesabiwa kutokana na mistari hiyo. Chukua mtu aliyejiunga na vita vya msituni mwaka 1981, lakini faili likaandikwa 1987. Kwa tarakimu moja amepoteza miaka 6 ya jasho lake, na akifa, mjane wake naye atarithi hesabu hiyo hiyo pungufu. Ndiyo maana kwa miaka mingi wastaafu wa majeshi yaliyowahi kuitumikia Uganda wamekuwa wakipanda kilima cha Mbuya jijini Kampala, yaliko makao makuu ya Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani, kufuatilia haki zao. Desturi ya ofisi nyingi za namna hii ni kumwambia mdai alete uthibitisho. Historia ya mafaili haya, tangu enzi za Keya, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, hadi leo, inaonyesha kwamba desturi hiyo imeyapindua mambo. Makosa mengi yalizaliwa mezani pa karani na katika maamuzi ya wakubwa. Kwa hiyo jukumu la kuyasahihisha ni la serikali kwanza, ndipo lije la mzee.

Tuanze na Keya yenyewe. King's African Rifles iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya kikoloni, kimojawapo kikiwa Uganda Rifles, na batalioni yake ya 4 ndiyo iliyokuwa ya Uganda. Msingi wa kikosi hicho ulikuwa askari wa Kisudani ambao Kapteni Frederick Lugard aliwachukua mwaka 1891. Wazao wao, Wanubi, wapo hadi leo Bombo, kaskazini mwa Kampala. Kijana aliyefika kuandikishwa alisimama mbele ya mtu anayeandika kwa lugha ambayo yeye hakuweza kuisoma. Jina liliandikwa jinsi lilivyosikika. Umri ulikisiwa kwa kumtazama, maana hapakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kabila lilijazwa kwa kufuata imani ya Waingereza kwamba watu wa makabila fulani ni wapiganaji wa kuzaliwa na wengine sivyo. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika utafiti wake juu ya askari wa Keya, ameeleza kwamba wapo waliojitambulisha kwa kabila lililopendwa na waandikishaji ili wapokelewe. Tukilitaja hilo kuwa ni udanganyifu wa askari, tukumbuke pia nani aliyeitunga fomu iliyomfungia mlango mtu aliyesema kweli. Faili lilianza na kasoro kabla askari hajashika bunduki.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha gharama ya kutomwandika mtu ipasavyo. Kampeni ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918 ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, takriban milioni moja kwa upande wa Waingereza, na zaidi ya 95,000 kati yao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Mnara wa askari ulisimamishwa Nairobi, mwingine Mombasa, mwingine Dar es Salaam, lakini haukuwekwa hata mmoja wenye majina ya wapagazi hao. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Jambo la kuzingatia ni sababu iliyotolewa. Ripoti haikusema kwamba moshi wa vita uliwazuia makarani kuandika. Ilisema ubaguzi wa maofisa ndio ulioamua nani astahili jina kwenye jiwe na nani ahesabiwe kwa jumla. Huo ulikuwa uamuzi wa ofisini, uliofanywa na watu waliokuwa na wino, karatasi na muda wa kutosha.

Vita Kuu ya Pili inatupa somo la upande wa pili. Waganda wapatao 77,000 walijiunga, wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw katika mvua za monsuni za 1944. Safari hii uandikishaji ulikuwa mpana na wenye utaratibu zaidi, na waliokufa wengi majina yao yapo kwenye kumbukumbu za mawe, Nairobi na kwingineko. Lakini mwaka 2019 shirika la habari la Al Jazeera lilichapisha waraka wa zamani wa Uingereza uliothibitisha kwamba kiinua mgongo cha vita kililipwa kwa rangi ya ngozi: askari Mwafrika aliweza kupewa hadi mara 3 pungufu ya mzungu wa cheo kile kile. Dhuluma hii na ile ya wapagazi zina tofauti moja kubwa. Ya kiinua mgongo imeweza kudaiwa kwa sababu karatasi ilibaki. Viwango vinasomeka, na anayekanusha anaonyeshwa ukurasa. Ya wapagazi inaishia kwenye radhi ya jumla, kwa kuwa huwezi kumlipa mtu usiyejua jina lake wala la kijiji chake. Faili zuri halimzuii mtawala kudhulumu, ila humnyima pa kujificha.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Oktoba 1962, Batalioni ya 4 ikageuka Uganda Rifles, na madai ya askari hayakuchelewa. Januari 1964 askari wa Jinja waliasi wakidai mishahara, wakamshikilia waziri Felix Onama. Kuanzia hapo jeshi la Uganda likapita katika mikono mingi. Mapinduzi ya Idi Amin ya tarehe 25 Januari 1971 yalifuatwa na mauaji ya askari wa Kiacholi na Kilangi ndani ya kambi walizokuwa wakizitumikia. Mjane wa askari aliyetoweka kambini mwaka 1971 angetoa wapi cheti cha kifo, ikiwa waliomuua mumewe ndio waliokuwa wakishika rejista? Amin mwenyewe alilazimika mwaka 1974 kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mohammed Saied, na tume hiyo iliandika habari za watu 308 waliotoweka, sehemu ndogo tu ya waliopotea. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, askari wa Amin walitawanyika kuelekea Sudan na Zaire. Tarehe 26 Januari 1986, wapiganaji wa msituni wa NRA walipoiteka Kampala, ikawa zamu ya waliokuwa jeshini wakati huo, askari wa UNLA, kukimbilia kaskazini. Jeshi linalokimbia halina siku ya kukabidhi ofisi. Watu walewale waliokuwa askari halali wa taifa wakaamka ni mabaki ya jeshi la adui, na utumishi wao wa miaka ya nyuma ukawa jambo la kuombea badala ya kudai.

Washindi nao hawakusalimika. Vita vya msituni vilivyoanza kwa shambulio la Kabamba tarehe 6 Februari 1981 vilianza na bunduki 27 na watu wachache, na mpiganaji mwenye akili hakutumia jina lake la nyumbani, maana jina hilo lingeangamiza ukoo mzima. Jenerali Salim Saleh alizaliwa Caleb Akandwanaho; Fred Rwigyema alizaliwa Emmanuel Gisa. Kwa watu wa cheo hicho majina mawili hayakuleta shida, kwa kuwa nchi nzima iliwajua. Private aliyechukua jina la msituni, kisha namba yake ya jeshi ikafunguliwa kwa jina hilo, yuko katika hali nyingine kabisa anapofika dirishani na kitambulisho cha taifa chenye jina la ubatizo. Waliokuwa watoto, makadogo waliobeba silaha kabla ya ndevu kuota, wengine hawakujua hata mwaka waliozaliwa. Kati ya 1992 na 1995 Bodi ya Kusaidia Maveterani ya Uganda iliwaachisha askari zaidi ya 36,000 kwa fedha za wafadhili, Benki ya Dunia ikiwa mbele. Kazi ya kasi namna hiyo ilirithi kila kasoro iliyokuwamo katika orodha, ikaipeleka uraiani ikiwa na mhuri. Nao raia waliowalisha na kuwaficha wapiganaji katika Pembetatu ya Luweero, ambao serikali imekuwa ikiwalipa akasiimo, yaani fedha za shukrani, walitegemea orodha zilizotungwa miaka mingi baada ya tukio.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, linahusu udanganyifu. Ukifungua mlango wa kusahihisha, wataingia na waongo. Hofu hii ina msingi, na Uganda ina mfano mkubwa kuliko wote: Amin alijitangaza kuwa alipigana Burma, akajipamba kwa nishani za kila aina. Lakini tujiulize uongo huo ulianguka kwa kitu gani. Ulianguka kwa kumbukumbu za jeshi zinazoonyesha aliandikishwa mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi, vita vikiwa vimekwisha mwaka mmoja kabla. Faili lililotunzwa vizuri ndilo lililomkana rais. Tazama tena suala la wanajeshi hewa lililochunguzwa mwaka 2003. Machi 2008 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimtia hatiani Meja Jenerali James Kazini, aliyewahi kuwa kamanda wa jeshi, kwa kulisababishia taifa hasara kupitia majina ya askari wasiokuwapo. Majina hewa hayaingizwi kwenye orodha ya mishahara na mzee wa Luweero au Gulu mwenye cheti kilichochanika. Huingizwa na mwenye mamlaka juu ya orodha. Uzembe ule ule unaomwacha nje askari wa kweli ndio unaomwingiza asiyekuwapo. Kusahihisha mafaili kwa uwazi kunayatibu yote mawili, na anayeogopa wezi ana kila sababu ya kuunga mkono kazi hiyo.

Pingamizi la pili husema mafaili yamepotea, na kilichopotea hakisahihishwi. Wenzetu walipatwa na makubwa zaidi. Mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza takriban asilimia 60 ya kumbukumbu za askari wa Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 12 Julai 1973 moto wa St. Louis nchini Marekani uliunguza mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18. Serikali ya Marekani haikuwaambia maveterani kwamba moto umefuta utumishi wao. Watumishi wake walianza kulijenga upya kila faili lililoombwa kwa kutumia hati za malipo, ripoti za kila siku za vikosi na karatasi za hospitali. Tangu 1946 nchi hiyo ina bodi za kisheria za kusahihisha kumbukumbu za jeshi, zilizoundwa ili Bunge lisiendelee kutunga sheria moja moja kwa ajili ya askari mmoja mmoja. Bodi hizo si kamilifu, na mdai bado anatakiwa kuleta ushahidi, lakini kuna mlango unaojulikana. Uganda nayo ina vyanzo vya pembeni: rejista za ubatizo za parokia zinazoweza kukadiria umri, hati za mishahara, kumbukumbu za tume za uchunguzi, ile ya 1974 na ile ya Jaji Arthur Oder iliyoanza 1986, na juu ya yote, ushahidi wa kiapo wa waliolala handaki moja.

Pingamizi la tatu ni la usalama: mambo ya jeshi ni siri. Mpangilio wa vikosi vya leo ni siri halali. Tarehe ya kuandikishwa ya mtu aliyestaafu haimsaidii adui yeyote. Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile zinazohatarisha usalama au faragha ya mwingine, na Ibara ya 42 inamtaka kila afisa amtendee haki mtu anapoamua jambo lake. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 imempa mtu haki ya kuomba taarifa zake zenye makosa zisahihishwe. Ibara ya 254 inaagiza pensheni ya mtumishi wa umma ilipwe kwa wakati, mfululizo, na ifikike kwa urahisi. Sioni sababu ya askari kupimwa kwa kipimo kidogo kuliko cha karani wa wilaya.

Kinachohitajika kinajulikana. Bunge liunde bodi huru ya kusahihisha kumbukumbu za utumishi wa kijeshi, inayowahusu askari wa Keya, wa Uganda Rifles, wa jeshi la Amin, wa UNLA, wa NRA na wa UPDF, jeshi la leo, bila kuuliza walikuwa upande gani. Iende Gulu, Arua, Masaka na Jinja badala ya kumwita mzee wa miaka 80 Kampala. Iweke muda wa kutoa jibu, na ikikataa iandike sababu. Mjane na yatima waruhusiwe kuendeleza dai la marehemu. Pale ambapo ofisi haina faili, au faili lake linajipinga lenyewe, maneno ya askari yanayoungwa mkono na mashahidi wawili wa kikosi chake yaaminiwe mpaka serikali ithibitishe vinginevyo. Hili la mwisho litapingwa kuliko yote, nalo ndilo lenye haki kuliko yote, kwa sababu linamrudishia mzigo aliyeutupa. Mashahidi hao wanazikwa kila mwaka, na kila anayezikwa huondoka na ushahidi wa wenzake watatu au wanne. Serikali ikingoja, itabaki na mafaili yale yale, na mtu wa kuyasahihisha hatakuwapo tena.